Fundi Anajibu: Basi la Bukari Linalozimika Njiani

Papa Fundi ana garaji yake Kenya, Lubumbashi, na anajibu barua za wenye magari ya mazutu. (Wasomaji wa Nairobi, msiniulize tena: Kenya hii ni komini ya hapa kwetu, na mazutu ndiyo hayo mnayoyaita dizeli. Bukari ni ugali, sombe ni kisamvu, esansi ni petroli, grupu ni jenereta, bidoni ni dumu, buji ni plagi, na javeli ni dawa ya kung'arisha nguo.)

Jambo sana Papa Fundi. Mimi ni mama wa Kasumbalesa. Mwaka juzi mimi na bwana yangu tulinunua Toyota Coaster ya zamani, injini ya 1HZ. Tukang'oa viti vyote vya nyuma, tukaweka jiko la gesi, meza ya kukatia, friza na mapipa mawili ya maji. Ninapikia madereva wa malori bukari na sombe pale wanapopanga foleni kungoja mpaka. Basi linakaa mahali pamoja wiki mbili, hata tatu, halafu narudi nalo Lubumbashi kununua unga na nyama. Tuliweka pia grupu ndogo ya umeme inayonyonya mazutu kwenye tanki lile lile la basi.

Shida yangu ni hii. Nikiondoka baada ya kukaa siku nyingi, kilomita ishirini za kwanza ni salama. Halafu basi linaanza kuishiwa nguvu, linakohoa, linazimika. Kijana wangu anabadili filta, linaenda. Safari iliyopita tulibadili filta tatu kabla ya kufika mjini. Asubuhi nayo haliwaki mpaka nibonyeze ile pampu ya mkono juu ya filta mara hamsini. Fundi mmoja ameniambia ninunue filta yenye matundu madogo kabisa, ya maikroni 2, niiweke kabla ya ile ya kawaida, na mirija yote nibadili niweke ya shaba ili isioze. Pesa nimeshaiweka pembeni. Ninunue?

Mama Basi, Kasumbalesa

Mama yangu, hiyo pesa usiiguse kwanza.

Umeeleza ugonjwa vizuri kuliko mafundi wengi wanaonipigia simu, maana umesema basi linasimama wiki ngapi na linazimika baada ya kilomita ngapi. Jibu limo humo humo. Ila una magonjwa mawili na unayatibu kama mmoja. Wa kwanza ni uchafu, wa pili ni upepo. Ukinunua hiyo filta ya maikroni 2 na kuiweka pale ulipoambiwa, utakuwa umejinunulia wa tatu.

Tuanze na uchafu. Mazutu yakitulia, kila kizito kinazama. Lita ya maji ni kilo nzima, lita ya mazutu ni kama gramu 840, kwa hiyo kila tone la maji linaloingia tankini linakwenda kulala chini. Pale maji yanapogusana na mazutu huota vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Vinakula mazutu na kuacha ute mweusi unaoteleza kama bamia. Basi linalotembea kila siku halipati nafasi ya kuufuga huo ute. Lako linasimama wiki tatu; umefungua banda la kuku chini ya jiko lako. Siku unapoondoka, barabara inalitikisa tanki, matope yanapanda juu, na baada ya kilomita ishirini yameshafika mdomoni mwa mrija.

Maji yenyewe yanaingia kwa njia mbili. Moja unaijua, ni bidoni. Sikulaumu kununua kwa makadhafi, wale wauza mafuta ya bidoni; hata mimi nikiwa njiani nikaishiwa ninanunua kwao kando ya barabara. Lakini bidoni ile ya njano ya lita 20 ilianza maisha yake ikibeba mafuta ya kula, ikabeba maji, ikabeba esansi, ndipo ikafikia mazutu yako. Chukua chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iwe kavu, ijaze kutoka chini ya bidoni na si juu, uiache wima kwenye meza mpaka asubuhi. Mazutu mazuri unasoma gazeti kupitia chupa. Ukiona kimstari chini, kama chai imetenganika na mafuta, hayo ni maji. Ukiona ukungu usioondoka hata baada ya usiku mzima, maji yamechanganyika humo humo, na bidoni hiyo umrudishie mwenyewe. Na tafadhali usichuje kwa kipande cha kitenge. Kitenge kinazuia mende na majani, maji kinayapitisha, halafu kinatoa nyuzi zake kama zawadi.

Njia ya pili watu hawaiamini mpaka niwaonyeshe. Hapa kwetu Juni na Julai usiku ni baridi, mchana jua kali. Tanki la chuma likiwa nusu tupu, linapumua. Mchana hewa inapanuka na kutoka, usiku inasinyaa na kuingia mpya, na unyevu wake unagandamana kwenye paa la tanki kwa ndani, unatiririka chini tone kwa tone. Dawa yake haina gharama ya ziada: unapofika Kasumbalesa ujaze tanki siku unayoegesha, si siku unayoondoka. Tanki lililojaa halina pa kupumulia.

Sasa nikuulize jambo. Kijana wako akibadili filta njiani, anatumia muda gani? Dakika ishirini, nusu saa, na injini imezimwa. Huenda filta mpya haikuponya chochote. Kwenye mdomo wa mrija wa kunyonya, ndani ya tanki, mara nyingi kuna kichujio cha wavu. Ute unavutwa na kuufunika wavu kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa. Ukizima injini mvuto unakwisha, kitambaa kinaanguka, basi linaenda tena kilomita kadhaa. Kwa hiyo safari ijayo, likizimika usibadili kitu. Kwanza fungua kifuniko cha tanki usikilize. Likivuta pumzi kwa nguvu, fyuu, basi tundu la kupumulia la tanki limeziba kwa vumbi, na shida yako yote pengine ni hiyo. Lisipovuta, rudisha kifuniko, kaa kivulini robo saa, washa. Likienda bila filta mpya, ugonjwa umo tankini, na hata ukinunua filta kumi hutaufikia.

Zile filta tatu ulizotoa bado unazo? Usizitupe. Kata moja kwa msumeno wa chuma, kuzunguka ukingo wa juu, uikunjue karatasi yake kama shati juani. Nimefanya hivi miaka mingi na sijachoka, ni kama kusoma barua ya mtu. Ukikuta ute mweusi wenye harufu ya kuoza, ni vile vijidudu. Rangi ya kutu nyekundu ni tanki linajila lenyewe. Mchanga laini ni bidoni au kifuniko kisichoziba. Nyuzi nyuzi ni kitenge. Na ukikuta karatasi ni safi, rangi yake ya asili, basi kijana wako ametupa filta nzima mara tatu, na tunarudi kwenye mdomo wa tanki. Vipande vya chuma vya kung'aa karibu na ulipokata usivijali, hivyo ni vya msumeno wako.

Kwa vyovyote tanki lishushwe. Najua ni kazi, chini ya Coaster yenye mapipa ya maji na friza si pa kuchezea. Liondoe, limwage, fungua ule mfuniko wa geji, ingiza taa ya betri uchungulie kwenye pembe. Lisuguliwe ndani na lisuuzwe kwa mazutu safi mpaka yanayotoka yafanane na yanayoingia. Dawa ya kuua vijidudu ipo, lakini ukiitia kwenye tanki chafu inaua kila kitu kwa mkupuo na maiti zote zinakwenda kwenye filta. Safisha kwanza, dawa baadaye. Javeli usiitie kabisa, inakula chuma. Na likikutwa limetoboka, asikuunganishie mtu kwa moto kabla halijaoshwa na kukaushwa mvuke wote. Tanki tupu la mazutu linalipuka, na linalipuka kuliko lililojaa.

Tukija kwenye upepo. 1HZ haina pampu ya umeme ya kusukuma mazutu kutoka tankini. Pampu ya injekta yenyewe, ile ya mzunguko iliyo mbele ya injini, ndiyo inayonyonya, kupitia mirija yote na filta, kama mtoto anavyonyonya juisi kwa mrija. Ukishaelewa hapo utaelewa mengine yote. Mrija wenye ufa upande huo haudondoshi hata tone. Unavuta upepo. Unaweza kulala chini ya basi mchana kutwa ukitafuta pa kulowana, hutapaona. Usiku kucha mazutu yanarudi taratibu tankini, upepo unakaa mahali pake, ndiyo maana asubuhi unabonyeza mara hamsini.

Kuupata huo upepo huhitaji kompyuta. Nenda kwa waashi, wana mrija mweupe wanaoutia maji kupimia usawa wa ukuta. Nunua nusu mita ya saizi inayoingia. Ufunge kwa muda kati ya filta na pampu ya injekta, washa, angalia. Mazutu yanatakiwa yapite kama kioo, mpaka udhani hayatembei. Ukiona mapovu yanapita kama ya soda, rudi nyuma hatua moja: hamishia mrija kabla ya filta. Mapovu yakiwa yamekwisha, upepo unaingia kwenye filta yenyewe, kwenye raba yake au kwenye kile kibonyezo cha mkono, ambacho kikizeeka kinapasuka raba ya ndani. Mapovu yakiwepo bado, endelea kurudi kuelekea tanki. Kazi ikiisha uutoe mrija huo. Wa waashi ni wa maji, ukikaa wiki kadhaa kwenye mazutu unakuwa mgumu kama mfupa na unapasuka.

Mrija huo ulinifundisha mimi mwenyewe, na somo lilikuwa ghali. Mwaka 2009 kwaya moja iliniletea basi lao. Walikuwa wamelibadili, nusu viti, nusu ya nyuma spika na ngoma na kabati la mavazi. Walitaka kwenda Likasi, kama kilomita 120, na filta zilikuwa zikiwaziba kama wewe. Nami, pamoja na umri wangu wote na spana zangu tangu 1978, nikafanya kile kile ulichoambiwa ufanye. Nikatafuta filta yenye matundu madogo kuliko zote, kahawia, maikroni 2, nikaifunga kabla ya ile ya kawaida. Nikasema sasa hata kivuli hakipiti. Tambarare basi lilikwenda kama harusi. Kilima cha kwanza likalegea. Kilima cha pili likazimika, saa moja usiku, magari ya madini yakipita pembeni na kututikisa. Nilifungua injekta zote sita nikazirudisha. Wao wakaimba. Waliimba kwa saa tatu, na mpaka leo ukiniimbia ile ya mwisho nasikia harufu ya mazutu mikononi. Asubuhi ndipo nilipofunga mrija mweupe niliokuwa nao kwa kazi nyingine kabisa, nikaona mapovu. Filta yangu nzuri ilikuwa inabana kiasi kwamba pampu, ikinyonya kwa nguvu kilimani, ilikuwa inavuta upepo kwenye kila kiungo kilicholegea kidogo, viungo ambavyo siku zote havikuwa na neno. Niliitoa, tukaenda Likasi kwa filta moja.

Kwa hiyo, Mama, matundu madogo si kosa. Kosa ni mahali. Maikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wako una maikroni 70 hivi. Upande wa kunyonya hutaki kitu cha kubana. Unataka kitu kipana, kinachotenganisha maji na kushika uchafu mkubwa, kisha ile filta ya Toyota imalizie ule mdogo kama ilivyotengenezwa. Unavyopepeta unga: chekeche pana kwanza, laini baadaye. Ukianza na laini, mapumba yote yanaziba hapo hapo.

Nunua kitenganisha maji chenye bakuli la kuonekana chini na bomba la kumwagia. Nimetumia sana Racor ya 500FG. Inapitisha mpaka lita 227 kwa saa, zaidi sana ya inachohitaji 1HZ. Pampu ya injekta huvuta mazutu mengi kuliko inavyochoma, na yanayozidi yanarudi tankini kwa mrija wa pili, kwa hiyo usipime ukubwa wa filta kwa lita unazochoma tu. Chujio zake zina rangi: nyekundu ni maikroni 30, buluu ni 10, kahawia ni 2. Wewe weka nyekundu. Muuzaji atakuambia kahawia ndiyo bora kwa sababu matundu yake ni madogo zaidi. Mshukuru, chukua nyekundu. Angalia pia uzito na raba za pambizoni, maana za bandia zimejaa, karatasi yake inalowana na kulegea kama mkate kwenye chai. Ukikosa Racor, ile filta ya zamani ya CAV yenye bakuli la kioo, ya matrekta, nayo inafanya kazi, mradi raba zake zote ziwe mpya.

Ifunge kwenye chesi, karibu na tanki, mbali na ekzosi, mahali ambapo jiwe la barabarani halifiki lakini jicho lako linafika. Wengine huificha nyuma ya pipa la maji ionekane maridadi, kisha hawaifungui tena mpaka basi lizimike. Bakuli likionekana, kila asubuhi kabla hujawasha moto wa bukari utainama sekunde tano, ukiona maji chini utafungua bomba na kuyatoa kwenye kopo. Kule Panda, Likasi, kwenye karakana za Gécamines nilikojifunzia, hatukuruhusiwa kuwasha mashine kabla ya kumwaga chini ya tanki na kumwonyesha mkubwa kopo. Nilidhani ni mateso ya vijana wapya.

Kuhusu mirija ya shaba. Hapa nakuomba ukae kwenye kiti. Sisi ni watu wa shaba, mji huu umejengwa juu ya shaba, na ukitaka mrija wa shaba Lubumbashi unaupata kabla hujamaliza kuuliza. Lakini shaba na mazutu havikai nyumba moja. Shaba inayaharakisha mazutu kuchacha, yanatoa gundi ya kahawia, na gundi hiyo inakwenda kunata kwenye filta na injekta. Gari linalotembea kila siku pengine hutaona haraka. Lako, mazutu yakilala humo wiki tatu, utaona. Mabati nayo usitumie, wala bomba la maji la nyumbani lenye zinki. Mrija wa chuma wa kawaida kwenye chesi, na raba ya mazutu penye kiungo kinachocheza, basi. Saizi iwe ile ya asili au ipite kidogo, isipungue. Vibano viwe vya bendi laini, si vile vyenye meno vinavyokata raba na kufungua mlango wa upepo.

Pesa itakayobaki, na itabaki, nunua saa ndogo ya kupimia mvuto, uiweke kati ya kile kitenganishi na filta ya Toyota. Siku filta zote ni mpya, panda kilima kwa gia nzito, soma sindano, andika namba kwa wino ndani ya mlango. Sindano ikianza kufika inchi 7 za zebaki kwenye kilima kile kile, badili chujio nyekundu. Hivyo hutabadili kwa hofu wala kwa kalenda.

Grupu nayo ipewe mrija wake mwenyewe wa kunyonya tankini na filta yake ndogo. Umegawa mrija wa basi kwa kiungo cha T, sivyo? Hukuandika, lakini wote hufanya hivyo, na kiungo hicho ndicho ningekianza kukishuku kwa upepo. Mrija wa grupu uwe mfupi kuliko wa injini, uishie robo ya tanki. Friza ikizimika usiku utajua mazutu yamebaki robo, na bado utafika nyumbani. Na mrija wa injini, ukiwa umeshusha tanki, uinuliwe uwe kama sentimita 2 au 3 juu ya sakafu. Unapoteza lita chache zisizonyonyeka, lakini hutanyonya matope.

Jambo la mwisho kwa kijana wako. Anapobadili filta ya Toyota namwona tangu hapa anavyoijaza mazutu kupitia tundu kubwa la katikati ili basi liwake haraka. Lile tundu ni upande wa mazutu yaliyokwisha kuchujwa. Anachomimina hapo, cha bidoni, kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu bila kupita kwenye karatasi. Ajaze kupitia vile vitundu vidogo vya pembeni, polepole, au aifunge kavu na abonyeze kwa mkono. Pampu ya 1HZ haina oili yake, inalainishwa na mazutu hayo hayo, na nafasi kati ya vyuma vyake vya ndani ni maikroni chache tu. Tone moja la maji na punje chache za mchanga hapo, tunazungumza pesa ya basi lingine.

Papa Fundi, mimi ni kijana wa Likasi, nageuza basi kuwa kinyozi cha kutembea. Injini yake ni mpya kidogo, ya komoni reli (common rail). Filta ya asili ina waya na ni ghali sana. Naweza kuitoa niweke ile ya CAV yenye kioo, ambayo baba yangu alitumia kwenye trekta?

Hapana, mwanangu. Baba yako alikuwa na injini inayosamehe. Komoni reli inasukuma mazutu kwa zaidi ya bar 1,000, nyingine zinapita 2,000, na kwa nguvu hiyo punje usiyoiona inakata chuma cha injekta kama kisu. Filta yake ya asili imepimwa kwa injini hiyo. Iache hapo na waya wake, huo ndio unaokuambia kuna maji. Ya CAV unaweza kuiweka kabla yake, karibu na tanki, imsaidie mwenzake, mradi mvuto usizidi. Na bei ya filta hiyo iliyokutisha, kabla hujaamua, uliza bei ya injekta moja. Unazo kadhaa.

Mzee, shikamoo. Dereva wa Ruashi. Wenzangu kituoni wanasema msimu huu wa baridi nitie lita mbili za esansi kwenye mazutu, inasafisha filta na basi linawaka asubuhi. Ni kweli?

Marahaba. Inawasha siku hiyo, lakini inaila pampu polepole. Esansi ni kavu, hailainishi, na nimesema hapo juu pampu ya aina ile inalainishwa na nini. Filta haisafishwi na kitu unachokimimina juu yake. Uchafu ulioshikwa unakaa au unapita, na ukipita unakwenda mbele, haurudi nyuma.

Asubuhi ya baridi likikataa, usianzie kwenye filta. Toa waya wa buji za kupashia moto, moja moja, ujaribu kila buji kwa taa ya volti 12: ncha moja ya taa kwenye chanya ya betri, nyingine juu ya buji. Taa ikiwaka, buji ni nzima. Isipowaka, imekufa. Kwenye basi lenye sita, zikifa mbili utasukuma. Na kabla ya kulipa mtu, angalia kama ule ubati unaounganisha buji zote haujaliwa na kutu chini ya nati, maana hapo hata buji sita mpya hazitapata moto.